Kuku Asiye na Jeraha

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza. Nimechoma kuku sita, wa kwanza tangu tumzike mume wangu. Nimewatoa kwenye oveni, nimewarudisha, nimewatoa tena. Yeye alikuwa anabonyeza paja kwa kidole gumba, anakunja uso, anasema "Bado," na hakuna aliyembishia. Mimi nimebonyeza mpaka ngozi ikachanika na kidole hakikuniambia kitu. Wawili walitoka wakavu kama soli. Wateja wamechukua, wameshukuru, wamekwenda zao.

Binti yetu amerudi chuoni jana. Amenisihi niandike walau mstari mmoja kila ninapoweza, maana kwenye simu hapati kwangu zaidi ya "sijambo". Haya, nimeandika.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 5 Machi

Mzee hali. Ni baba mkwe wangu, anakaa chumba cha nyuma. Mwaka jana alitibiwa saratani ya damu, akapona kiasi, lakini dawa anazotumia zimemwacha bila kinga mwilini. Tangu mazishi anakunywa chai na kugeukia ukutani. Uji kagoma, mkate kagoma, supu kaigusa kwa mdomo akairudisha. Wifi yangu, dada wa marehemu, tunayeishi naye hapa hapa, amembembeleza mpaka akamgombeza, na kumgombeza nako hakukusaidia. Kitu pekee alichokubali ni kuku wa Jumamosi. Alikula paja zima, akaomba na bawa.

Jioni jirani yetu Nesi alikuja kumpima uzito. Alitazama mzani, akaniita ukumbini.

"Mama, kama anataka kuku, mpe kuku. Ila aive mpaka ndani. Wewe ukila nyama mbichi utaharisha siku mbili, utapona. Yeye hana askari hata mmoja humo mwilini. Akiingiwa na vijidudu vya tumbo, tutamzika naye."

Alinitazama usoni aone kama nimeshtuka. Sikushtuka. Nilimwambia nimesikia, nikaenda kuanua nguo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepaka kuku viungo. Zamani Ijumaa jioni jikoni hapakuwa na ruhusa ya mtu. Mume wangu alifunga mlango, akawasha redio, na asubuhi tulikuta kuku wamejipanga kwenye friji. Kaniachia kopo lake la viungo, limejaa mpaka mdomoni. Nilipolifungua nilitegemea harufu ile initoe machozi. Ilinukia vitunguu saumu.

Jumamosi, 9 Machi

Kuku saba, wakavu wote, maana afadhali wakauke kuliko kumlisha Mzee wabichi. Mzee kala nusu tu, anasema meno yanachoka. Mimi nimekula mbele yake ili asijione peke yake, na sikusikia ladha yoyote. Nilimwambia wifi mdomo wangu umekufa. Akasema hata wake. Tukaosha vyombo.

Jumatano, 13 Machi

Binti katuma kifurushi. Ndani yake kuna kipimajoto cha nyama: sindano ndefu ya chuma, na juu yake kichwa cha plastiki chenye kioo cha namba. Wifi alikigeuzageuza.

"Tunampima homa kuku aliyekwisha kufa?"

Nikamwambia ukimdunga, namba inakuambia joto la ndani. Ikifika sabini na nne, kuku ameiva, hata kwa mgonjwa. Akaniuliza kaka yake alikuwa anatumia namba gani. Nikasema kidole. Akasema basi, akarudi kwenye maharage yake. Katika nyumba hii kidole kile kina heshima kuliko watu wengi walio hai.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimefanya kituko. Nilimdunga kuku mkubwa, nikafunga mlango wa oveni na kile kitu ndani yake, nikakaa nisubiri namba ipande. Kilichopanda ni moshi. Nilipofungua, kichwa cha plastiki kilikuwa kimelegea na kuinama kama mtu aliyesinzia, na ujiuji mweusi ulikuwa unachuruzika kidarini. Nikaishika ile sindano kwa mkono mtupu nikaivuta. Wifi ndiye aliyepiga kelele. Nilitazama kiganja changu, kimepata mstari mwekundu toka huku mpaka huku, na nilijua kinauma jinsi unavyojua habari ya mtu wa mtaa mwingine.

Kuku tumemtupa. Wifi alinifunga kitambaa bila kunitazama. "Ungekuwa na akili zako ungevaa glavu," akasema. Kweli tupu.

Binti nilipompigia alicheka kwanza, halafu akaomba radhi kwa kucheka. Anasema kile ni cha kudunga, kusoma, na kuchomoa hapo hapo, hakikai ndani ya oveni. Atatuma kile cha waya: sindano inabaki kwa kuku, waya mgumu unapita kwenye ukingo wa mlango, kioo kinakaa nje mezani. Nikamwambia asijisumbue. Akasema, "Mama, babu atakula nini?"

Jumapili, 17 Machi

Kiganja kina lengelenge. Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Cha waya kimefika. Kwa amri ya binti, nilijaza bilauri barafu, nikatia maji kidogo, nikachovya sindano. Ikatulia kwenye sifuri. Maana yake hakisemi uongo. Mzee alitoka chumbani mwake kwa mara ya kwanza wiki hii, akakaa kwenye kiti cha jikoni akitazama namba zikishuka. Akasema marehemu angekidharau asubuhi na jioni angekuwa anakilinda watu wasikiguse. Ni kweli kabisa, ndivyo alivyokuwa.

Amri nyingine: nikishadunga nyama ambayo haijaiva, sindano ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla sijadunga tena, la sivyo ubichi wa mwanzo naupeleka kwenye nyama iliyoiva. Mimi nilikuwa naifuta kwa aproni. Nimeiweka sabuni karibu na oveni.

Jumamosi, 23 Machi

Tumegombana, mimi na wifi, kwa sauti ya chini kwa ajili ya wateja.

Lazima niandike habari ya dirisha. Tunauzia kwenye dirisha linalotazama barabara, na juu yake mume wangu aliandika kwa rangi nyekundu: KUKU WETU HANA JERAHA. Kila kuku anatoka mzima, kidari juu, ngozi imejivuta haina hata mkwaruzo. Watu walimsifia kwa hilo. Yule fundi viatu wa pale kona, tunayemwita Gundi, alikuwa anamgeuza kuku wake huku na huku akitafuta kasoro, kwa utani, na kila mara anashindwa.

Sasa binti kasema sindano iingie pale nyama ilipo nene kuliko pote. Nilikuwa nimeielekeza kidarini. Wifi akanishika mkono.

"Utamtoboa?"

"Nitamtoboaje asitoboke? Ni sindano."

"Mbele ya watu? Chini ya maneno yale?" Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Kaka yangu hajafikisha hata miezi miwili, wewe unamtia tundu kuku wake."

Akachukua sindano mwenyewe, akaisukuma kwa chini, pale mguu ulipokatwa, ikaingia ikifuata mfupa wa paja mpaka ndani. Kwa nje hakuna kinachoonekana. Akauliza kuna ubaya gani, si iko ndani? Sikuwa na nguvu ya kubishana. Na kusema kweli ilionekana akili nzuri. Namba ilipanda haraka, sabini na nne, themanini, tukawatoa. Wana majimaji, ngozi inang'aa. Mzee kamaliza nusu kuku, akalamba vidole.

Wifi aliimba kidogo akiosha sinia. Akakumbuka, akanyamaza.

Jumanne, 26 Machi

Mzee kaongezeka uzito. Nesi kafurahi. Mimi nimesema vizuri.

Jumamosi, 30 Machi

Kuku kumi. Wanaiva mapema siku hizi, namba inakimbia. Gundi kachukua wawili, na ninavyojua anaishi peke yake. Nilimuuliza wa pili ni wa nani. Akasema ana njaa.

Binafsi namwona Gundi mtu wa ajabu. Kila Jumamosi yupo wa kwanza, mvua inamnyeshea. Anapokea, anasema "Mungu awatie nguvu", anaondoka. Sijui anataka nini kwetu.

Jumatano, 3 Aprili

Mzee anaharisha tangu alfajiri. Wifi anasema ni mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeandika jana kwamba wifi anasema ni mvua. Haikuwa mvua.

Asubuhi nilimkuta Mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, anatetemeka, shuka imelowa. Alitaka kusimama aende mwenyewe msalani, kwa aibu yake, miguu ikakataa. Nilimshika kwapani na mwili wake ulikuwa moto kama ubavu wa oveni. Nesi aliingia, akamgusa shingo, hakupima hata homa. Akasema gari. Jirani wa juu ana gari. Tulimbeba kwa blanketi, mimi kichwani, wifi miguuni, Nesi akishika mwavuli ambao haukumkinga mtu.

Hospitali walimtundikia dripu mbili. Daktari ni binti mdogo kuliko wangu, anaongea polepole. Akauliza Mzee amekula nini. Wifi akajibu kuku, kuku tu, hali kingine. Daktari akauliza kuku huyo aliiva? Nikasema aliiva, tulimpima, themanini na moja. Akaandika. Akasema wamechukua kipimo, ila dalili zote ni za vijidudu vya kwenye nyama isiyoiva, na kwa mtu mwenye damu kama yake saa hizi zinazofuata ni ngumu. Kasema "ngumu" mara mbili.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Wifi alikuwa analia tangu kwenye gari, akafika mahali machozi yakamwishia, akanigeukia.

"Wewe hulii?"

Nilikuwa nakunja lile blanketi.

"Kaka yangu tumemfukia, umesimama pale kama mtu anayesubiri foleni ya maji. Nikasema labda ni mshtuko. Nikawaambia watu, mwacheni, ni mshtuko. Mwezi mzima nakutetea. Sasa baba yuko mle ndani, kakulia chakula chako, na macho makavu. Wifi, una nini wewe?"

Ningeweza kumwambia kwamba sindano aliiweka yeye. Halikunijia hata kichwani wakati ule; nilikuwa nimeamini ile namba kama yeye. Nilichomwambia ni kwamba sijui nina nini. Nimekufa ganzi. Nasikia unachosema, naona unalia, najua Mzee anaweza kufa, nalijua hilo vizuri, lakini linabaki pale mlangoni haliingii. Na kwamba linanitisha kuliko anavyofikiri. Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyomwambia mtu tangu mazishi.

Alinitazama. Halafu akasogea mbali kidogo kwenye benchi, si sana.

Ijumaa, 5 Aprili

Mzee yuko vile vile. Wifi amebaki naye. Nimerudi nyumbani kufua shuka.

Nilipomaliza nilisimama jikoni nikitazama kile kipimajoto. Themanini na moja. Nikachovya tena kwenye barafu: sifuri. Kizima. Basi nikatoa kuku mmoja kwenye friji, nikampaka viungo, nikamchoma kama tulivyozoea, sindano ikifuata mfupa. Ilipofika themanini na moja nikavaa glavu, nikamtoa. Nikachomoa, nikaosha, nikadunga kidari pale penye unene. Hamsini na nane. Nikaosha, nikadunga katikati ya paja, mbali na mfupa. Sitini.

Nilirudia kwenye mfupa. Themanini.

Nikachukua kisu nikamfungua pajani. Ndani karibu na kiungo nyama ilikuwa ya waridi, inateleza, na maji mekundu yakatoka.

Mfupa unashika moto kabla ya nyama. Tulikuwa tunapima mfupa. Wiki mbili tumempimia Mzee mifupa, tukamlisha nyama mbichi, ili ngozi isiwe na tundu chini ya maandishi ya mtu aliyekufa. Nimemrudisha kuku kwenye oveni mpaka kidari kikafika sabini na nne, kwa kuwa hata hivyo chakula ni chakula.

Jumamosi, 6 Aprili

Dirisha nimelifunga. Gundi kagonga, nikamwambia Mzee yuko hospitali na kuku hawauzwi. Nikamwambia pia, maana ni haki yake kujua, kwamba kuku wa wiki mbili zilizopita walikuwa hawajaiva ndani. Akasema, "Nilijua, dada. Mimi humrudisha kwenye jiko kidogo." Akaenda kabla sijamuuliza mbona hakusema.

Jumapili, 7 Aprili

Nilimweleza wifi habari ya mfupa kwenye lile benchi letu. Nilimweleza polepole, bila kusema "wewe". Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni mimi niliyeiweka pale," akasema.

"Tuliiweka."

"Usinipake mafuta, wifi. Ni mkono huu." Akautazama ule mkono. "Mimi mwenyewe tumbo lilinikata wiki ile, nikanyamaza. Nikaona nikisema utaona namsingizia kaka."

Nilisogea karibu naye kwenye benchi. Sikuhisi huruma, nasema kweli. Nilisogea kwa kuwa ndivyo ningefanya kama ningeihisi.

Jumatatu, 8 Aprili

Homa haijashuka. Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Haijashuka.

Alhamisi, 11 Aprili

Imeshuka. Daktari kasema tusifurahi sana. Hilo naliweza.

Jumapili, 14 Aprili

Mzee anaongea. Tulipoingia alimuuliza wifi kuku wa Jumamosi yuko wapi. Wifi akapiga magoti pembeni ya kitanda akamweleza yote, mfupa, sindano, tundu, dirisha, hakuacha kitu. Mzee alifumba macho nikadhani kalala.

"Kwani mlidhani yeye alikuwa anajuaje?" akauliza.

"Alikuwa anabonyeza," wifi akasema. "Kwa kidole."

"Kidole ni cha kuwaonyesha wateja." Alipumzika kidogo. "Kila Jumamosi sisi nyumbani tulikuwa tunakula kuku yupi?"

Tulitazamana, mimi na wifi. Kila Jumamosi tulikula yule aliyeharibika. Kulikuwa na mmoja siku zote. Alikuja naye mezani akisema huyu kapasuka pajani, hauziki, tumleni wenyewe. Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba katika nyumba ya mchoma kuku tunakula makombo ya oveni. Alikuwa anacheka tu.

"Kila wiki," Mzee akasema, "kuku mmoja apasuke mwenyewe, mahali pale pale?"

Mume wangu alikuwa anamchagua mkubwa kuliko wote, anampasua kwa kisu pajani, anatazama ndani. Akiwa mkubwa ameiva, wadogo wameiva. Halafu anamficha kwa kutuletea sisi. Mzee alijua tangu siku ya kwanza, akamtunzia siri yake, kwa sababu paja lililopasuliwa lilikuwa linamfikia yeye.

Wifi alicheka huku analia, akisema, "Mwongo yule. Mwongo mkubwa yule." Mimi nilisimama pale nikishika chuma cha kitanda. Nilihisi kitu kama mguu uliolaliwa, pale unapoanza kuchoma kidogo. Kikapita.

Jumatano, 17 Aprili

Wifi kapanda kwenye kiti na kopo la rangi. Nikamuuliza unafanya nini, akasema tusimfanye mtu mwongo akiwa amekwisha kufa. Amepaka rangi nyeupe juu ya maneno yale. Kwa mvua hii haikauki.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumefungua dirisha. Wifi alidunga mwenyewe. Nilimwonyesha: kidarini kwa ubavuni, katikati ya unene, ukihisi mfupa rudi nyuma, halafu paja, hivyo hivyo, sindano ioshwe kila mara. Ananisomea namba kwa sauti, mimi nikiwa nimevaa glavu, nikisema bado au mtoe. Hatuamini tena mkono wa mtu mmoja humu ndani. Wakishatoka tunawaacha wapumzike kwenye sinia kabla ya kuwafunga.

Mteja mmoja aliuliza tundu hili la nini. Wifi akamwambia, "Hapo ndipo tulipochungulia." Mteja akaona ni jibu.

Kopo la viungo limefika nusu.

Jumamosi, 4 Mei

Kuku tisa. Mvua inapungua. Mzee anarudi wiki ijayo. Wifi kafua mapazia.

Jumamosi, 11 Mei

Leo Mzee amekula mezani.

Nesi alikuwepo, tulimwalika. Kuku alikuwa mkubwa kuliko wote, nilimchagua makusudi. Kidari sabini na saba, paja themanini, na safari hii themanini ya nyama. Nilimweka mbele ya Mzee, akavaa miwani.

"Tundu liko wapi?"

Nilimwonyesha. Akaweka ncha ya kidole juu yake, akaangalia muda mrefu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la nduguye. Nilimkatia paja. Alifungua nyama kwa uma, nyeupe mpaka kwenye mfupa. Akala. Tulimtazama sote akitafuna, na yeye alijua tunamtazama, akatafuna kwa heshima zote.

"Ameiva," akasema.

Wifi akashusha pumzi.

"Sasa niulize jambo," Mzee akasema, akimgeukia Nesi. "Daktari amenikataza chumvi mpaka lini? Si kwamba nalalamika. Wamenihangaikia sana hawa. Nauliza tu."

Nesi akaweka kijiko chini. "Chumvi? Nani kakukataza chumvi?"

Mimi na wifi tulitazamana.

"Si wewe unayetia chumvi?" wifi akaniuliza.

"Mimi napaka kile cha kwenye kopo."

"Kopo lile ni viungo tu, wifi. Chumvi alikuwa anatia kwanza, Ijumaa, amejifungia na redio yake. Nilijua alikuonyesha."

"Hakunionyesha. Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mdomo wangu," wifi akasema. "Ulisema wako umekufa, nikaona na wangu umekufa, nikasema ndio msiba huo."

Nilionja. Nilitafuna vizuri, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Ilikuwa nyama safi, laini, imeiva, na haikuwa na chumvi hata chembe. Mdomo wangu ulikuwa mzima.

Wifi aliinuka akaenda dirishani. Gundi alikuwa ameshachukua kuku wake, amesimama chini ya bati akisubiri manyunyu yaishe. Tukamsikia wifi: "Gundi, hebu sema ukweli. Kuku wetu wana chumvi?"

Akajibu: "Tangu msiba, hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, dada."

"Na watu wote hawa wanaonunua? Mbona hakuna aliyerudisha? Mbona hamkusema?"

"Tungeanzaje?" Gundi akasema. "Chumvi ninayo nyumbani."

Nilicheka. Kicheko kilitoka ghafla na nyama bado mdomoni, nikaziba kwa kiganja, kile chenye kovu. Nilimwona Gundi kwenye kichumba chake, peke yake na kuku wawili, anawarudisha jikoni, ananyunyiza chumvi, na Jumamosi nyingine yuko pale pale kwenye mvua. Nikaiona mitaa yote hii ikinyunyiza chumvi kimyakimya. Nikamwona mume wangu Ijumaa jioni nyuma ya mlango, redio inaimba, mikono mpaka kwenye viwiko katika chumvi, hakumwonyesha mtu kwa sababu alidhani yupo sana. Kucheka kukageuka. Nililia. Nililia kwa sauti kama mtoto, kamasi zinanitoka, mbele ya mkwe wangu, mbele ya Nesi, dirisha liko wazi na watu wanapita. Iliuma. Kila mahali iliuma, hata kiganja.

Wifi alikuja mbio, akanikumbatia kichwa, akaanza, "Basi, wifi, basi, nyamaza sasa, yatosha."

Mzee akamzuia kwa uma. "Bado," akasema.

Basi wifi akavuta kiti akakaa, akanishika mkono, wakaningoja. Baadaye tulitia chumvi, tukala.